Ujumbe unaojenga tezi za jasho ndio unaozua uvimbe wa ngozi

Ukikwama ndani ya matatu pale Jogoo Road saa nane za mchana mwezi wa Februari, na abiria wa dirishani akatae kulifungua kwa kuogopa vumbi, jasho litakutiririka mgongoni hadi shati liloe. Utanung'unika, lakini jasho hilo ndilo linalokuzuia usizirai. Mwili wa mtu mzima una tezi za jasho kati ya milioni mbili na milioni nne. Kila moja ni mfereji mwembamba mno, uliojikunja ndani ya ngozi na kufungua kinywa chake juu. Maji yatokayo humo hukauka, na yakikauka huondoka na joto.

Tezi hizo ulizaliwa nazo zote. Hakuna hata moja iliyoongezeka tangu siku mkunga alipokukata kitovu. Ni nani basi aliyeziamuru zijijenge, na ni nani aliyeziambia, "Sasa basi, zimetosha"?

Najua yupo atakayesema, "Daktari, hayo ni mambo ya chuo kikuu. Mimi nina kidonda kando ya pua, nimekipaka dawa miezi minane na hakiponi." Ndugu yangu, nawe dada yangu, ni kwa ajili ya kidonda hicho nimeshika kalamu. Katika miaka thelathini hivi iliyopita, wanasayansi wamegundua kwamba aina nyingi za uvimbe wa ngozi, zile zisizo na madhara na zile za saratani, si mdudu wala uchafu ulioingia mwilini kutoka nje. Ni amri zile zile zilizotumika kuijenga ngozi tumboni mwa mama, ambazo sasa zinatolewa mahali pasipostahili na hazijui kukoma.

MAZUNGUMZO YA SELI

Mimba ikiwa ya miezi miwili, ngozi ya mtoto ni utando tu, kama ule unaotanda juu ya maziwa yaliyochemshwa. Haina unywele wala tezi. Chini ya utando huo kuna tabaka jingine la nyama laini, na matabaka haya mawili huzungumza mchana na usiku. Hayana midomo. Seli moja hutoa protini, protini hiyo husafiri hadi kwa seli jirani na kugusa mlango wake, na mlango ukishaguswa habari hupokezanwa ndani, mkono kwa mkono, mpaka kwenye kiini cha seli. Huko ndiko ziliko jeni, yaani maagizo ya urithi tuliyopewa na baba na mama. Jeni fulani huwashwa, nyingine huzimwa. Seli iliyopata habari hiyo hugawanyika, au hutulia, au huanza kujichimbia chini.

Protini zinazopeleka habari hizi si nyingi kama mtu angedhani. Ya kwanza kwa ngozi huitwa Wnt, nayo ndiyo isemayo, "Hapa pajengwe kitu." Ifuatayo huitwa EDA, na hiyo hupaimarisha mahali palipochaguliwa ili chipukizi lisife. Kisha huja swali kubwa: kitakachojengwa ni unywele au ni tezi ya jasho?

Jibu la swali hilo lilitolewa mwaka 2016 na Catherine Lu, Elaine Fuchs na wenzao katika Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York. Waliona kwamba nyama ya chini ikitoa kwa wingi ujumbe uitwao BMP, ujumbe mwingine, ambao jina lake la ajabu nitalieleza baadaye, hunyamazishwa, na chipukizi huwa tezi ya jasho. Ujumbe huo wa pili usiponyamazishwa, huota unywele. Panya ana tezi za jasho nyayoni tu, kwingine kote ni manyoya. Sisi binadamu tumepata vyote viwili katika ngozi moja kwa sababu zamu zao hupishana, nywele kwanza na jasho baadaye. Viganja na nyayo huanza kupata tezi mimba ikiingia mwezi wa nne hivi, na sehemu nyingine za mwili hufuata mwezi wa tano.

Tezi za mafuta huchipuka ubavuni mwa shina la unywele. Ule weupe kama siagi unaoganda juu ya mtoto mchanga, ambao nyanya wengi wana haraka ya kuusugua kwa maji moto, kwa sehemu hutoka kwenye tezi hizo. (Mwache nao kwanza, unamkinga.) Tezi hizo hizo zitamtesa kwa chunusi atakapobalehe, lakini hayo tuyaache kwa leo.

MTOTO ASIYETOKA JASHO

Sasa fikiria ujumbe umetumwa lakini haufiki. Jeni ya EDA, iliyotambuliwa mwaka 1996, iko kwenye kromosomu ya X. Mama anaweza kuwa na nakala moja mbovu na moja nzima, naye asione shida ila pengine meno machache na mabaka ya ngozi yasiyotoa jasho. Mwanawe wa kiume akirithi ile mbovu hana nyingine ya kumwokoa. Huzaliwa na tezi za jasho chache mno, au hana kabisa.

Katika nyumba ya mabati kule Kayole au Dandora, joto la mchana likishapanda, mtoto huyo huchemka kama uji. Kipimajoto husoma 39, mara 40. Mama humbeba mbio hadi zahanati iliyo karibu, huambiwa ni malaria, hupewa dawa. Jioni mji ukipoa na homa hupoa, na kila mtu huisifu dawa. Kesho mchana homa imerudi. Mwisho mtoto huitwa "mgonjwa mgonjwa", na majirani huanza kunong'ona kuhusu ukoo wa mama yake.

Nairobi iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na malaria tunayoiona huku aghalabu huwa imesafiri na mtu kutoka kanda ya ziwa, magharibi au pwani. Kwa hivyo mtoto ambaye hajatoka mjini na ambaye hutibiwa malaria kila mwezi anastahili kuangaliwa upya. Simwambii mzazi aidharau homa, la hasha. Damu ipimwe kila mara, kwani homa ya uti wa mgongo na malaria ya kweli huua kwa siku chache. Lakini damu ikionyesha hakuna kitu, mshike mtoto kwapani na mgongoni wakati wa joto. Je, ni mkavu? Nywele zake ni chache na nyembamba? Meno yamechelewa, au yale yaliyoota yamechongoka kama msumari? Mwambie daktari hayo manne kwa pamoja, kwa maana moja moja huwa hayasemi kitu.

Mtoto huyo akitambuliwa mapema huishi na kusoma kama wenzake. Anahitaji fulana iliyoloweshwa maji, chupa ya maji ya kunywa, kiti karibu na dirisha, na mwalimu aliyeelezwa kwa barua kwamba asimkimbize uwanjani saa sita. Daktari wa meno atamtengenezea meno ya bandia na kuyabadilisha kadiri taya linavyokua.

Na hapa kuna habari iliyonifurahisha kuliko nyingi nilizosoma katika kazi yangu. Mwaka 2018 madaktari wa Erlangen, Ujerumani, wakiongozwa na Holm Schneider, walieleza walivyoidunga protini inayokosekana ndani ya maji ya uzazi, watoto wakiwa bado tumboni. Walikuwa mapacha wawili na mtoto mwingine mmoja, wote wa kiume. Watoto hao walizaliwa, wakakua, na wanatoka jasho. Dawa hiyo ingali katika majaribio. Lakini angalia wakati wenyewe: ilibidi ifike kabla ya kuzaliwa, ujenzi ukiwa unaendelea. Fundi akishafunga kazi na kuondoka, ujumbe huo humkuta hayupo.

BREKI IKIKATIKA

Ujumbe wa EDA ukigonga mlango wa seli, habari hupita ndani kwa njia moja ambayo wataalamu huiita NF-kB. Njia hiyo ina breki kadhaa, na mojawapo ni protini ya CYLD, ambayo jeni yake ilitambuliwa mwaka 2000. Kuna jamaa ambao hurithishana jeni hiyo ikiwa mbovu. Wakishakuwa vijana huanza kuota vivimbe laini kichwani, kimoja, vitatu, kumi, na kwa wengine hujazana mpaka kichwa kikaonekana kama kimevishwa kilemba. Ukikiweka kivimbe kimoja chini ya hadubini utaona seli zinazojaribu kujenga vitu vya mfano wa tezi za ngozi, bila mpango wala mwisho. Ni nadra vivimbe hivyo kugeuka saratani, ila huaibisha na huuma.

Umeona, msomaji? Waya ni ule ule. Ukikatwa kabla ya kuzaliwa, mtoto hakosi joto bali hukosa jasho. Breki yake ikikatika ukubwani, huota vivimbe.

Kabla hamjaanza kujipapasa vichwa, niseme kwamba uvimbe mwingi wa tezi za ngozi hauna neno. Akina mama wengi wana vipele vidogo vigumu chini ya macho, rangi ya ngozi yenyewe, visivyowasha wala kukua. Hivyo ni uvimbe wa mifereji ya jasho na haudhuru. Kinachodhuru ni kwenda kwa wale wanaochoma kwa asidi nyuma ya saluni. Kipele huondoka, kovu hubaki, na kwa ngozi zetu kovu laweza kuvimba na kuwa kubwa kuliko kipele kilichokuwepo.

KALUNGUYEYE

Sasa turudi kwa ule ujumbe wenye jina la ajabu. Mwaka 1980 Christiane Nüsslein-Volhard na Eric Wieschaus, waliokuwa wakifanya kazi Heidelberg, Ujerumani, walichapisha utafiti wao juu ya nzi wadogo wa matunda, wale wanaozunguka ndizi zilizoiva. Walikuwa wakiharibu jeni zao na kutazama viluwiluwi vinavyotokea. Viluwiluwi vya aina moja vilikuwa vifupi na vimejaa miiba, wakaiita jeni hiyo kalunguyeye. Wawili hao, pamoja na Edward Lewis, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1995. Katikati ya hapo, mwaka 1993, ujumbe huo ulipatikana kwa wanyama wenye uti wa mgongo, na aina moja ikapewa jina la Sonic, kalunguyeye wa michezo ya video ambaye vijana wa wakati ule walimjua vizuri kuliko walimu wao.

Kalunguyeye huyu ndiye anayeamuru mashina ya nywele yaote. Namna anavyofanya kazi ni rahisi kuielewa ukiishi Buruburu au Donholm, mahali ambapo kila koti ina lango na mlinzi, yule tumwitaye soja. Katika utando wa seli kuna protini ambayo jina lake kwa Kiswahili lingekuwa Kiraka. Huyo ndiye soja. Kazi yake ni kumzuia mwenzake, ambaye nitamwita Laini, asiingie ndani. Kalunguyeye akifika na kumgusa soja, soja hulegea, Laini huponyoka, na habari hufika kwenye kiini: "Gawanyikeni!" Ujenzi ukiisha, kalunguyeye haji tena, na soja humkamata Laini kama zamani.

Soja akifa, je? Laini hana wa kumzuia. Huingia na kutoka apendavyo, na seli hugawanyika bila kuwa na ujumbe wowote uliotumwa. Hicho ndicho chanzo cha saratani ya seli za msingi, aina ya saratani ya ngozi inayoongoza kwa wingi miongoni mwa Wazungu. Mwaka 1996 watafiti walithibitisha kwamba jeni ya soja huyo ndiyo iliyoharibika kwa watu wenye ugonjwa wa kurithi ulioelezwa na Robert Gorlin na Robert Goltz mwaka 1960. Watu hao huota saratani za ngozi kwa makumi, na huwa na mifuko ya maji ndani ya mataya. Kwa mtu mweusi mwenye ugonjwa huo saratani za ngozi huwa chache, na mara nyingi daktari wa meno ndiye anayeushuku kwanza.

Wengi hawarithi soja aliyekufa. Anauawa na jua. Miale ya jua ikipenya ngozini huvunja maandishi ya jeni, na siku moja huvunja yale ya soja. Melanini, rangi nyeusi ya ngozi yetu, huinyonya miale hiyo kabla haijafika. Ndiyo maana saratani hii ni nadra kwa mtu mweusi, na inapotokea aghalabu huwa nundu nyeusi inayong'aa, mwenyewe akidhani ni baka la kuzaliwa.

Lakini sensa ya mwaka 2019 iliwahesabu Wakenya 9,729 wenye ulemavu wa ngozi, ambao hawana kinga hiyo ya melanini. Jasho wanalo, nywele wanazo, tezi zao ni sawa na za kila mtu. Wanachokosa ni rangi tu. Mwenye hali hiyo anayeuza mitumba Gikomba, au anayegonga mabati kwenye vibanda vya jua kali Kamukunji, hupigwa na jua la ikweta kutoka asubuhi hadi jioni, mwaka hadi mwaka. Kwa watu hawa saratani ya ngozi si ugonjwa wa uzeeni. Huwapata wakiwa vijana, usoni, masikioni, shingoni na juu ya viganja. Nimewaona wenye miaka ishirini na kitu wakiwa na vidonda walivyovifunga kitambaa miezi mingi.

Hilo linauma kwa sababu kinga yake ni ya kawaida: kofia yenye ukingo mpana (ile ya mchezaji wa besiboli huacha masikio nje), shati la mikono mirefu, kibanda kwenye kivuli, na mafuta ya kuzuia miale ya jua. Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu limekuwa likitoa mafuta hayo bila malipo kupitia hospitali za umma, na nchini Tanzania kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha Moshi kimekuwa kikitengeneza yake yenyewe. Mafuta hayo hupakwa upya mchana, si asubuhi pekee, maana jasho huyaosha. Mwalimu anayemtaka mtoto wa hali hii avue kofia mstarini kwa sababu si sare ya shule, naomba asome aya hii mara mbili.

KONDOO WA IDAHO

Dawa ya kumzuia Laini ilianzia malishoni. Katika miaka ya 1950, wafugaji wa jimbo la Idaho, Marekani, waliona wanakondoo wakizaliwa na jicho moja katikati ya uso. Baada ya uchunguzi wa miaka mingi ilibainika kwamba mama zao walikula mmea fulani wa milimani katika siku ya kumi na nne hivi ya mimba. Sumu ya mmea huo, miongo kadhaa baadaye, ilionekana kumzuia Laini asipeleke habari. Uso wa mwanakondoo haukugawanyika pande mbili kwa kuwa kalunguyeye hakusikika.

Kinachobomoa ujenzi wa mimba chaweza kubomoa uvimbe. Januari 2012 Marekani iliidhinisha dawa iitwayo vismodegib, kidonge kinachomshika Laini mahali pa soja, kwa wagonjwa ambao saratani yao ya seli za msingi imeenea au haiwezi kupasuliwa. Uvimbe hupungua kwa wengi. Lakini wagonjwa hupoteza nywele, na mwanamke mjamzito haruhusiwi kabisa kukitumia. Baada ya habari za kondoo sina haja ya kueleza sababu. Bei yake nayo si ya mtu wa Eastlands, wala wa Lavington. Kwa bahati njema uvimbe huu ukipatikana ungali mdogo kama punje ya dengu, daktari wa upasuaji huumaliza kwa kisu, mgonjwa akiwa macho, na kurudi nyumbani siku hiyo hiyo.

KOVU LA ZAMANI

Sisi weusi tuna hatari yetu, nayo haitegemei sana jua. Ni saratani ya seli bapa, za tabaka la juu la ngozi. Hupenda kuota juu ya kovu la moto, kidonda sugu cha mguuni, au usaha wa mifupa usiokauka. Jean-Nicolas Marjolin, daktari wa Paris, alivieleza vidonda vya makovu mwaka 1828, na hadi leo vinabeba jina lake.

Katika mitaa yetu makovu ya moto ni mengi: stovu ya mafuta taa iliyolipuka, sufuria ya uji iliyopinduliwa na mtoto, chumba kimoja kinacholaliwa na kupikiwa. Ngozi ya kovu ni nyembamba na haina tezi. Hupasuka, hupona, hupasuka tena, na kila inapojiziba seli huamriwa zigawanyike. Baada ya miaka kumi, ishirini au thelathini, amri moja hukosa wa kuizima.

Mzimaji aliyekosekana hapo aghalabu ni ujumbe mwingine uliopewa jina kutokana na mabawa ya nzi yenye pengo. Huo huiambia seli ya ngozi, "Acha kugawanyika, kua, komaa." Umuhimu wake ulidhihirika kwa njia ya kusikitisha. Kampuni moja ya Marekani ilikuwa ikijaribu dawa ya ugonjwa wa kusahau wa wazee, semagacestat, ambayo pia huuziba ujumbe huo. Majaribio yalisimamishwa mwaka 2010. Kumbukumbu za wazee hazikurudi, na saratani za ngozi zilikuwa zimeongezeka miongoni mwao.

Njia hiyo hiyo ikiharibika kwa urithi, baadhi ya watu hupata majipu yasiyokwisha kwapani na kinenani, yanayotoboka na kuungana kama mashimo ya fuko. Wengi huona haya, huacha manukato na kubadilisha sabuni wakidhani ni uchafu. Si uchafu. Mwenye majipu ya namna hiyo kwa mwaka mzima amwone daktari wa ngozi, kwani hayo nayo, yakikaa miaka mingi, yaweza kuzaa saratani ya seli bapa. Hali kadhalika anayeishi na virusi vya Ukimwi asidharau nyama nyeupe au nyekundu inayoota kwenye weupe wa jicho.

Na nyayo, tafadhali. Bob Marley hakuuawa na jua. Melanoma yake, saratani ya seli zenye rangi, ilianza chini ya ukucha wa kidole cha mguu, ikatambuliwa mwaka 1977, naye akafariki mwaka 1981 akiwa na miaka 36. Doa jeusi linalopanuka kwenye unyayo au chini ya ukucha si la kusubiri.

KIPANDE KINAENDA WAPI?

Kinachonikera mimi si ugonjwa wenyewe. Ni safari ya mgonjwa kabla hajafika. Mtu ana kidonda sikioni. Hununua dawa ya fangasi, kisha mafuta ya steroidi yanayouzwa kama ya kung'arisha uso, na ngozi huzidi kuwa nyembamba. Rafiki humshauri apake maji ya betri. Hatimaye hukatwa uvimbe katika kliniki ya ghorofani, hushonwa nyuzi nne, na nyama iliyokatwa hutupwa ndooni. Baada ya miezi sita umerudi, na hakuna ajuaye ulikuwa nini.

Kipande kile ndicho chenye jibu. Uvimbe wa tezi ya jasho, saratani ya seli za msingi na saratani ya seli bapa vyaweza kufanana kwa macho kama watoto wa mama mmoja. Mwanapatholojia akivitazama kwa hadubini huvitenganisha, na matibabu yake hayafanani. Saratani ya seli za msingi ni nadra kusafiri mbali, bali hula pale pale ilipo. Ile ya seli bapa husafiri hadi kwenye mitoki, hasa ikiwa imeota juu ya kovu. Kwa hiyo ukikatwa uvimbe wowote, hata ule unaoambiwa ni wa mafuta tu, uliza: kipande kimewekwa kwenye fomalini? Kinapelekwa maabara gani? Majibu nitayapata lini? Ukidaiwa ada ya ziada kwa ajili hiyo, afadhali ukope kuliko kuiruka.

Kidonda chochote cha ngozi kilichopita wiki nne bila kupona, kinachotoka damu kikiguswa au chenye kingo ngumu zilizoinuka, kionwe na daktari. Anzia kituo cha afya cha mtaani kwako. Hospitali ya Mama Lucy Kibaki iko huku kwetu, na kutoka hapo waweza kuandikiwa barua ya kwenda kwa wataalamu wa ngozi wa Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta. Nenda umevaa nguo rahisi kuvua. Beba dawa zote ulizokwisha kupaka, hata zile unazozionea aibu, kwa sababu mafuta ya steroidi huficha sura ya ugonjwa na daktari akiyajua hatapotea njia. Kama una picha ya kidonda hicho kwenye simu tangu kilipoanza, nenda nayo.